Wakurdi, Wamisionari na Sinia la Mama Nasrin

Ijumaa, Machi 2012. Doha.

Vumbi la juma zima limetua na anga la mtaa wetu wa Najma limetakata. Nami, kinyume cha desturi yangu, nina furaha isiyohitaji tanbihi.

Ushirika wetu wa Wakristo wanaozungumza Kiswahili husali Ijumaa, siku ya mapumziko hapa, na leo nilipangiwa kuzungumzia wamisionari waliokwenda kwa Wakurdi. Nilijiwekea sharti: nisiseme juu ya watu neno nisiloweza kulisema mbele yao. Hivyo jana alasiri nilikwenda Al Wukair kumsomea hotuba Hiwa, mhandisi Mkurdi, Mwislamu, rafiki yangu wa miaka mingi. Mama yake, Mama Nasrin, alikuwa amekuja kumtembelea; Hiwa akawa anamtafsiria.

Nilikuwa tayari kuipoteza hotuba. Sikuwa tayari kumpoteza Hiwa.

Nilisoma kwamba wengi wa wamisionari wa karne ya kumi na tisa waliwaendea kwanza Wakristo wa makanisa ya kale katika milima ya Wakurdi, wakitumaini kwamba hao wangeufikisha ujumbe kwa majirani zao Wakurdi. Uhasama uliokuwapo baina ya majirani hawakuupima vya kutosha. Hata Injili ilipochapwa kwa Kikurdi, ilitumia herufi za Kiarmenia, za baadhi ya Wakristo hao. Mkurdi aliyetaka kuisoma alilazimika kwanza kumtafuta Mwarmenia.

Hiwa alimaliza kutafsiri. Nikaanza kukunja karatasi.

Kisha Mama Nasrin akacheka mpaka akafuta machozi. "Walitupikia, wakapeleka chakula kwa jirani, halafu wakashangaa hatuli?" Akaniinamia. "Na wao, mwanangu, walikula kwetu?"

Walikula. Kumbukumbu nilizosoma zinautaja ukarimu huo mara kwa mara, lakini kama jambo la njiani, kabla ya kazi yenyewe kuanza. Nami nilikuwa nimeupita vivyo hivyo.

"Basi anzia hapo," akasema, akapindua sufuria nzima juu ya sinia: majani ya mzabibu yaliyoviringishiwa wali na nyama, yakifuka mvuke. Tulikula kwa mikono, sote watatu, kama nyumbani Voi.

Leo nilianzia hapo. Kwamba mjumbe asiyejua kuwa mgeni hajafika bado.

Baada ya ibada, Mama Atieno, mwenyekiti wetu, alinitazama kwa mashaka. "Mwalimu, leo umecheka mimbarini. Uko mgonjwa?"

Nimewaalika Hiwa na mama yake Ijumaa ijayo. Jibu limefika jioni hii: Mama Nasrin atakuja, ila atapika yeye, jikoni mwangu.

Nimekubali. Nitajifunza kuwa mgeni nyumbani kwangu.