Saa kumi usiku ya tarehe ipi?

Alhamisi, tarehe 12, saa tisa alasiri. Upepo wa Singida umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kibodi. Nimefunga dirisha na sasa chumba kinachemka.

Sina raha. Nimebeba hili tangu Jumatatu na leo nalitua hapa.

Wanaonisoma wanajua kazi yangu: naandika programu ya pochi ya sarafu za mtandaoni, kwa bosi wa nchi ya mbali ambaye sijawahi kukutana naye ana kwa ana. Mwaka jana alinipa kazi ndogo. Mtu akitoa funguo za pochi yake na kuzihifadhi kwenye faili, kila ufunguo huandikwa tarehe na saa uliyoundwa. Niliambiwa nichague mpangilio wa tarehe kwa watumiaji wa Kiswahili. Mitatu ilikuwapo tayari, yote imeshajaribiwa na watu. Ningechagua mmojawapo nikaenda kunywa chai.

Mimi nikajifanya mjuaji. Nikatengeneza wa kwetu, wenye saa za kwetu: saa moja asubuhi iandikwe saa moja, siyo saba. Bosi akanisifu mbele ya wenzangu. Baba ndiyo usiseme. Ameweka pochi hiyo kwenye simu yake, haina hata senti, anaifungua asome tarehe na saa tu. Akikaa na wenzake baada ya swala anawapitishia simu mkono kwa mkono: "Binti yangu ndiye aliyeifundisha kusema saa kama watu."

Sasa kosa lenyewe.

Faili linapoandikwa, tarehe hubadilika saa sita usiku, kama kwenye kompyuta zote. Lakini linaposomwa tena kwenye simu nyingine, niliiambia programu iuelewe usiku kama tunavyousema mtaani: usiku wa tarehe 3 ni ule unaofuata mchana wa tarehe 3. Basi pochi iliyofunguliwa saa kumi usiku inasomwa kana kwamba ilifunguliwa usiku unaofuata, siku nzima baadaye. Na programu hutafuta fedha kuanzia hapo tu. Kilichoingia mchana wa katikati hakitafutwi. Mtu anaona sifuri.

Niliijaribu mara nyingi sana, zote mchana.

Na nani hufungua vitu hivi saa kumi usiku? Watu wa bando la usiku, kwa kuwa la mchana ni ghali. Yaani watu wetu, walewale niliokuwa najidai nawatengenezea.

Jumatatu mama alinisimulia habari za Zuhura, binti wa mjomba. Mume wake, Saidi, ni dereva Uarabuni. Alimwambia afungue pochi amtumie hela ya kuezeka nyumba. Zuhura akafungua saa kumi usiku kwa bando la usiku, akahifadhi funguo kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu. Asubuhi hiyo, kabla hajaona hela ikiingia, simu ikadumbukia kwenye ndoo ya maji. Wiki iliyofuata akaazima simu nyingine, akaweka ile kadi, akarejesha pochi. Sifuri. Saidi akaapa kuwa alituma asubuhi ileile, akapiga picha ya risiti yenye herufi na namba nyingi. Zuhura akasema picha hata mtoto anatengeneza, hela ameipeleka kwa mwanamke mwingine. Akafunga vitu vyake, akarudi kwao Mungaa.

Mama alikuwa anasikitika tu, akiwalaani wanaume. Mimi, niliposikia saa kumi usiku, nilishajua kosa liko wapi. Nilikaa pale nikichambua mchicha, nikasema, "Mm, pole yake."

Pole yake! Mungu anisamehe.

Tangu siku hiyo nimejifungia. Nimeandika barua kwa bosi mara nne, nikazifuta zote nne. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao na kazi kama hii hapa mjini siipati. Nikafikiria kurekebisha kimyakimya, lakini hilo haliwasaidii wanaoona sifuri leo. Lazima waambiwe warejeshe upya, na lazima mtu aseme kwa nini. Na Baba je? Nikimfikiria anavyoinua ile simu juani ili wenzake waone vizuri, nakosa hata njia ya kuanza. Kila nilikogeuka palikuwa na ukuta, na ukuta nimeujenga mwenyewe.

Leo asubuhi nimempigia Zuhura. Nimemweleza yote, polepole, mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alituma," akasema.

"Alituma."

"Asubuhi ileile?"

"Ileile."

Halafu akaanza kulia. "Dada, jana nimempigia mama yake. Nimemwambia amezaa mwizi."

Jana. Jumatano. Siku mbili baada ya mimi kujua.

Kurekebisha programu kumenichukua chini ya saa moja. Barua kwa bosi imekwenda, pamoja na tangazo kwa watumiaji wote, na nimeandika wazi kuwa kosa ni langu. Hajajibu. Zuhura amerejesha pochi upya, na hela ya bati ipo yote, kama Saidi alivyosema. Nilitegemea nitapumua. Sijapumua. Baba naye sijamwambia bado, nitamwambia leo kabla ya chakula.

Kesho Zuhura anakuja na gari la asubuhi, twende wote wawili kwa mama mkwe wake. Amesema niongee mimi kwanza, yeye hawezi kumtazama usoni. Sijui nitamwelezaje mama wa watu habari za funguo na tarehe. Nitapiga magoti mlangoni, nitasema shikamoo.

Sijui kama ataitikia.