Nafasi Kwenye Kompyuta ya Chiriku

12 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Kuna mvumo mmoja umenikaa masikioni miezi minane, na leo nimeusikia tena. Ni feni za kompyuta ya Chiriku. Jioni ile ya Jumamosi, watu wakilia, wakiingia na viatu vyao, shangazi akitafuta shuka la kumfunika, feni zile ziliendelea kuvuma kana kwamba mwenyewe bado yuko mchezoni. Hakuna aliyefikiria kuzima. Mjomba alipong'oa waya ukutani kesho yake asubuhi ndipo nikajua kimya cha nyumba yetu kikoje.

Natumaini u mzima na kazi inakwenda. Sisi tupo. Mama anakula kidogo, anashona kidogo, anauliza kama umeandika.

Nina shida ya kifundi. Laptop yangu imekufa kabisa, na mradi wangu wa mwisho chuoni, michoro ya mitaro ya maji ya mvua, unatakiwa tarehe thelathini. Imebidi niiwashe kompyuta ya mdogo wetu. Inawaka vizuri, lakini programu ya michoro inagoma kuhifadhi chochote. Diski kuu, ile ya C, imejaa pomoni. Mstari wake ni mwekundu mwanzo hadi mwisho. Wewe ndiye uliyemuundia mashine hii kipande kwa kipande, basi nielekeze: nifute nini, niache nini?

Nakuandikia barua pepe, sipigi simu, kwa sababu unayoijua. Mama bado anaamini kwamba kama asingeufunga mlango wa Chiriku siku ile, kwa ajili ya makelele ya gemu, angemsikia akikosa pumzi. Tangu ulipomwambia, "Kama itakupa amani, Mama, ing'oe yote," na seremala akaing'oa kweli milango yote ya vyumba, kila neno ninalosema chumbani linafika kwenye cherehani yake. Bafuni tumetundika pazia. Naoga nikiimba ili wageni wajue kuna mtu, na unajua sauti yangu ilivyo, wageni wamepungua.

Mdogo wako


14 Machi

Mdogo wangu, injinia wa mitaro,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo tu ndio unalalamika kwa kuinama kwenye mashine za watu. Mpe Mama salamu, mwambie Ijumaa nitapiga kama kawaida.

Usihangaike, hii ni kazi ya nusu saa. Kwanza, mwaga pipa la taka la kompyuta. Kitu ukikifuta hakiondoki, kinakwenda kukaa humo mpaka ulimwage. Pipa hilo nilimpanulia mwenyewe, maana Chiriku alikuwa akifuta kitu asubuhi na kukililia mchana. Pili, futa faili za muda. Magemu usiyaguse, yako kwenye diski ya pili, hayakusumbui. Mwisho, kuna folda inaitwa Mechi. Alikuwa akirekodi kila tulichocheza, picha na sauti zetu zote. Hiyo ndiyo inayokula diski. Ifute nzima.

Usiifungue. Ni milio ya risasi na matusi tu, itakuumiza bure. Mimi siku ile nilikuwa zamu, sikucheza naye, lakini hata hizo za nyuma sitaki kuzisikia.

Ukimaliza niambie.

Kaka yako


15 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Mama amepokea salamu.

Nimefanya ulivyosema, na kwa mpangilio uleule. Pipa nimelimwaga. Faili za muda nimezifuta. Kisha nikaifuta Mechi bila kuifungua. Nikatazama mstari. Bado mwekundu.

Nilikuwa nimeduwaa mbele ya kioo cha kompyuta Mama aliposimama penye fremu ya mlango, utepe wa kupimia shingoni.

"Unafanya nini humo?"

"Naondoa uchafu, Mama. Kompyuta imejaa."

"Uchafu gani? Yule alikuwa msafi kuliko wewe."

"Wa kompyuta tu."

"Usinifutie mwanangu."

"Simfuti, Mama."

Akaketi kitandani kwa Chiriku, akawa analikunjua na kulikunja shuka. Akauliza, "Siku ile alikuwa anacheza na nani?"

"Kaka anasema yeye alikuwa kazini."

"Basi alikuwa peke yake," akasema. "Peke yake, na mlango nimemfungia." Akarudi kwenye cherehani.

Baada ya hapo ndipo nikaliona kosa. Umeniambia nimwage pipa kwanza, ndipo nifute Mechi. Kwa hiyo Mechi yote imo pipani, nzima, na ndiyo maana hakuna nafasi iliyopatikana. Wewe unafundisha watu kazi hii. Mwanafunzi wako akikosea hivyo ungemcheka wiki nzima. Ulikuwa unawaza nini ulipoandika?

Nimelifungua pipa. Kuna video mia na kitu. Faili la mwisho ni kubwa kuliko nyingine zote zikiunganishwa, na tarehe yake ni ile Jumamosi. Sijalicheza. Nifanye nini?

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Mwaga pipa. Sasa hivi, ukimaliza kusoma hapa. Usilifungue hilo faili. Nakuomba kama kaka yako, na sijawahi kukuomba kitu.

Kaka


24 Machi

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Siku tisa sasa. Simu yangu hupokei, na Mama Ijumaa kaniambia tu kwamba unashinda kwenye kompyuta umevaa hedfoni, chakula kinapoa mezani. Michoro yako imehifadhika? Nafasi imepatikana?

Niandikie hata mstari mmoja.

Kaka yako


26 Machi

Kaka,

Nafasi haijapatikana. Sijafuta chochote.

Nimesikiliza mara nne. Mara ya kwanza nilidhani masikio yananidanganya, kwa hiyo nitakuandikia nilichosikia, nawe unisahihishe kama nimekosea.

Mwanzoni mnacheka. Unamwita "askari wa mkate laini". Anakuita "bosi". Dakika ya kumi na mbili Mama anasema, "Punguza hayo makelele," na mlango unafungwa. Mnaendelea kucheza karibu saa nzima mlango ukiwa umefungwa, na Chiriku ni mzima, anaongea bila kituo kama jina lake. Kisha anaanza kukohoa. Anasema, "Kaka, ngoja nimwite Mama aniletee pampu ya pumu, iko kwenye mkoba wake."

Wewe unasema, "Ukitoka sasa tumepoteza. Dakika mbili tu. Vumilia."

Anasema, "Sawa, bosi."

Anavumilia. Unamsikia akivuta hewa. Mimi namsikia, na wewe uliyekuwa na sauti yake sikioni ulimsikia. Kisha unapiga kelele, "Tumeshinda! Umeona?" Kimya. "Chiriku? We Chiriku? Umeninunia?" Kimya. "Haya, kanune." Unakata.

Baada ya hapo ni feni. Feni na, mbali kabisa, cherehani ya Mama. Mashine ilikuwa bado inarekodi, kaka, na hakukuwa na mtu wa kuisimamisha. Ilirekodi Mama akija kumwita kula. Ilirekodi kilio, ikanirekodi na mimi nikiingia. Iliendelea mpaka ikakosa pa kuweka. Ndicho kilichoijaza diski. Huo mstari mwekundu niliokulalamikia ni jioni yake.

Ulisema ulikuwa zamu. Ulimwambia Mama hivyo, ukamwambia shangazi, ukaniambia mimi kwenye barua bila hata kuulizwa. Hayo ningeweza kuyaelewa, mtu akiogopa husema lolote. Lakini ulikuwa kwenye simu siku Mama alipolia kwamba mlango ndio uliomuua, nawe ukijua kwamba alitaka kuinuka na kumwita, ukamwambia ang'oe milango.

Nakupa siku saba. Mwambie mwenyewe.


28 Machi

Mdogo wangu,

Hukuniamkia, na sikulaumu.

Hujakosea hata neno. Sijalala tangu barua yako ifike, lakini sikuwa nalala hata kabla yake. Nilidhani amenuna. Alikuwa na tabia hiyo, wewe unaijua, akishindwa kubishana anakuachia kimya. Nikazima, nikapika, nikala, mdogo wangu. Nilikula nikashiba. Shangazi aliponipigia, kitu cha kwanza kilichonitoka mdomoni ni "Mimi nilikuwa kazini." Sikukipanga. Kikishatoka, kila siku inayopita kinakuwa kizito zaidi kukirudisha.

Habari ya milango nilidhani namsaidia. Alitaka kufanya kitu kwa mikono yake. Nikasema afadhali agombane na mbao.

Ulipotaja diski imejaa, niliingiwa na baridi. Nilikaa na barua yako siku mbili. Ndiyo maana hata mpangilio nilikosea. Kazi niliyoifanya miaka kumi na mbili.

Sasa nisikilize. Mama amepoteza mtoto mmoja. Ukimsikilizisha, atapoteza wawili. Akiamini ni mlango, atalia, lakini atabaki na mimi wa kumpigia kila Ijumaa. Kuna siku nitamwambia, nikija nyumbani, nikiwa nimekaa mbele yake. Si kwa simu. Lifute, tafadhali. Una michoro yako, una maisha yako. Usiyajaze hili.

Naogopa, mdogo wangu. Sina neno jingine.

Kaka yako, kama bado


12 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Mama amesema nisiache kukuamkia.

Siku saba zilipita, na ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Nilisimama jikoni nikawasikia mkiongea. Ulimuuliza miguu, ukamuuliza nguo za wateja, ukamwambia ajitunze. Mama aliweka simu chini, akasema, "Huyu mtoto ana huruma, lakini anachoka huko." Akapita chumbani kwa Chiriku, akaigusa fremu pale bawaba zilipokuwa, kama anavyofanya kila akipita. Hapo nikajua sitaweza kuingoja hiyo siku yako.

Jumamosi alasiri nilimketisha kwenye kiti chake Chiriku. Nilimwambia kitu ninachotaka kumsikilizisha ni kibaya na anaweza kukataa. Akasema, "Ni yeye?" Nikasema ni yeye. Akajivika hedfoni mwenyewe, juu ya kitambaa cha kichwa.

Alicheka mahali mnapocheka. Sikuwa nimetarajia hilo. Alipojisikia mwenyewe akifunga mlango alifumba macho, kisha akayafumbua, maana Chiriku alikuwa bado anaongea. Dakika zikapita, bado anaongea. Mama akanishika mkono. Nilijua amefika kwenye pampu kwa jinsi alivyoubana.

Alivua hedfoni baada ya "Kanune". Sikumwacha aende mbele zaidi, na hakutaka.

"Alitaka kuniita," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Mlango ulikuwa umefungwa na alikuwa mzima. Alitaka kuniita."

"Ndiyo."

Akaiweka hedfoni mezani. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kipimo cha nguo, "Huyu mwingine alikuwa anajua, siku nilipoing'oa?"

"Alikuwa anajua."

Akaenda kwenye cherehani, akakanyaga mpaka magharibi. Nilipokwenda kuwasha taa nikaona sindano haina uzi.

Jumatatu alimwita seremala. Milango yote imerudi. Wa Chiriku aliufunga mwenyewe kwa nje, taratibu, akasikiliza mpaka kitasa kikabana, kisha akaenda kulala mchana kutwa. Ijumaa hukupiga. Alikaa na simu mapajani toka asubuhi. Hajasema kama angepokea, ila alikaa nayo.

Tarehe thelathini ilinipita. Msimamizi wangu amenipa mpaka Juni, kwa hiyo bado nahitaji mashine hii. Nilimuuliza Mama kuhusu lile faili. Akasema, "Mimi nimeshalisikia. Wewe fanya utakavyo."

Nimefikiri siku tatu. Sikuweza kuchora mitaro juu yake. Na sikutaka iwe mkono wangu uliolimaliza, ilhali wewe ndiye uliyetaka liishe. Kwa hiyo jana nimelinakili kwenye diski ndogo ya nje. Nikafuta hapa Mechi yote, kisha ndipo nikamwaga pipa, mara hii kwa mpangilio wake. Feni zilivuma kidogo, zikatulia. Mstari umekuwa wa buluu.

Diski ndogo nimeifunga kwa kipande cha kitambaa kutoka kwenye mabaki ya Mama, na asubuhi ya leo nimeikabidhi posta kwa anwani yako. Hakuna nakala nyingine.

Mdogo wako