Simu Uliyonipokelea

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, na leo wala siihitaji.

Unakumbuka tulivyofyatua matofali ya ile shule shikizi, tawi tu lisilosajiliwa, hapa Nyantakara? Mimi nimetoka chuo cha ualimu juzijuzi, tope hadi magotini, wewe mwenyekiti wa kamati unapiga kelele kuliko wote. Ukaniambia, "Anza kujitolea, mwanangu, serikali itakuona." Nikaanza. Wazazi wakanilimia shamba la maharage kwa zamu, huo ndio ukawa ujira wangu. Mtoto aliingia anajua Kisubi cha nyumbani tu, akatoka anamsomea babu yake barua. Nilikuwa na furaha, Baba, na wewe uliiona. Ndiyo kamba uliyonifungia.

Kwenye fomu za ajira nilijaza namba yako kwa sababu mimi sikuwa na simu. Nikasubiri miaka. Wenzangu wakaitwa mmoja mmoja, mimi nikajiona sifai, nikazidisha bidii ili nifae. Nawe ukinitazama tu. Hata chaki ulikuwa unaninunulia!

Ukaja kusema hospitalini Biharamulo, siku mbili kabla hujafa, nikiwa nakukata kucha. "Watu wa ajira walipiga. Niliwaambia umeolewa Burundi, kazi umeacha. Wangekuchukua, nani angebaki na watoto wa shule?" Nikamalizia vidole vilivyobaki. Mazishini walikusifu kwa kuijenga shule, nami nikaitikia pamoja nao. Walidhani nalia kwa kufiwa.

Basi sikia habari za shule yako. Imesajiliwa. Wamekuja walimu watatu wa ajira, na mimi umri wa kuajiriwa umeshanipita. Mwalimu mkuu mpya, kijana mpole, alinishukuru mbele ya wazazi, wakapiga makofi, akapokea daftari la mahudhurio kutoka mikononi mwangu. Kisha akaniita pembeni.

"Mama, uji wa watoto unaweza kutupikia?"

Sijakusamehe, na huko uliko usinisubiri. Lakini kijana yule nilimjibu kwamba naweza. Jiko liko nyuma ya darasa la kwanza. Nakoroga uji huku nawasikia wanasoma silabi, wanakwama, mwalimu wao anawafokea, na jibu ninalo mdomoni. Nasukuma kuni motoni. Si watoto wangu tena.

Ni mimi binti yako,
mpishi wa shule