Sindano Isiyo na Tundu

Papa,

Leo nimevaa koti lako. Lile la kijivu ulilolikata mwenyewe, ukaliwekea nafasi ubavuni kwa ajili ya bastola. Nimelipunguza mabega, nimelibana kiuno, nimetoa bitana lote. Mama alipoliona juu ya meza limefumuliwa hivyo alitoka nje. Usimlaumu. Na mimi usinilaumu. Koti la mwanaume haliwezi kunikaa bila kukatwa, na wewe ungekuwa wa kwanza kunicheka kama ningelivaa vile vile.

Ninakuandikia hapa dukani kwetu kwa ushonaji, Isipingo, mlango nusu wazi, na wale wa taxi wanapiga kelele zao kama kawaida. Ninakuandikia kwa sababu jambo lenyewe siwezi kumwambia mtu mwingine, hata Mama. Nina hasira na wewe, Papa. Nakupenda na nina hasira, yote mawili kwa pamoja. Acha nieleze taratibu.

Siku ile presha ilipokuangusha kwenye mashini ya kushona, tepu ikiwa bado shingoni, mtaa wote ulikuja kwetu. Wale wa saluni, wauza simu, yule Mtanzania wa viatu, wote. Walipika, waliimba, walilala chini na Mama kwenye mkeka. Sitawasahau. Lakini hata matanga hatujaondoa, wakaanza kunivuta pembeni mmoja mmoja. Riziki, pole sana. Riziki, bastola iko wapi?

Nilichukia! Baba wa mtu amelala kaburini, udongo haujakauka, wewe unauliza chuma? Nilimjibu vibaya mtu wa viatu mpaka akaniomba radhi mbele ya watu.

Halafu Ijumaa ikafika, nikaona. Ile saa yenu ya kwenda benki, watu walitoka milangoni na mifuko yao ya pesa wakasimama tu pale kwenye veranda. Wanatazama mlango wetu. Miaka yote walikuwa wanakufuata wewe, umevaa koti, unatembea mbele bila haraka, na wao nyuma wakipiga soga kama watu wanaokwenda harusini. Benki hairuhusu silaha ndani, kwa hiyo ulisimama nje mlangoni mpaka wa mwisho atoke. Walikuita Papa Bastola. Ulisema hulipendi jina hilo, lakini uliitika kila mara. Na hakuna aliyewahi kuwagusa.

Sasa nani mwingine angeibeba? Serikali haimpi kibali cha bastola mtu mwenye karatasi ya ukimbizi, hata awe malaika. Karatasi ya Maman Furaha wa saluni inakwisha kila wakati, anakwenda kupanga mstari tangu alfajiri. Ya mtu wa viatu ni ombi la hifadhi tu. Mtaa mzima wenye makazi ya kudumu walikuwa wewe na mimi, na wewe umekwenda. Kwa hiyo wote wakanitazama mimi, fundi wa zipu na pindo, ambaye hata kuku sijawahi kuchinja.

Nilikataa. Nilikataa mpaka asubuhi ile wezi walipomkuta Maman Furaha anafungua saluni. Kweupe kabisa, watu wanapita. Walimpiga mdomoni kwa kitako cha bastola kwa sababu alichelewa kutoa simu. Papa, huyu ndiye aliyenisuka nywele tangu sijaanza shule, huyu ndiye alikuja kukuosha miguu hospitalini mara ile ya kwanza, walipotaka kukukata kidole cha mguu kwa ajili ya sukari. Alikuja dukani na taulo mdomoni, akakaa kwenye kiti chako, hakuniomba kitu. Alikaa tu. Kesho yake nikaenda kujiandikisha mafunzo ya silaha.

Mafunzo yenyewe nilifaulu, usishangae. Mwalimu alisema nina mkono mtulivu. Nikamwambia nashona vifungo vya bibi harusi, nitaachaje kuwa na mkono mtulivu. Polisi wakaja kuuliza majirani kama mimi ni mtu wa hasira. Maman Furaha aliwaambia hapana, hana hasira hata kidogo. Eish, yule mama atajibu siku ya mwisho!

Halafu nikaenda Pinetown, kwenye lile duka la silaha ambako Mama aliipeleka bastola yako ulipofariki. Yule mzee mwenye duka anakukumbuka. Alinipangia nyingine mezani kwanza, hizi za kisasa, nusu plastiki, nyembamba, nyepesi. Akasema hizi ndizo wanachukua kina mama siku hizi: hazina nyundo ya kujitokeza nje, hazikwami kwenye nguo, ukiivaa siku nzima mgongo hauumi. Ya baba yako, akasema, ni nzuri sana, haitengenezwi tena kama ile, lakini ni chuma kitupu na ni kubwa kwa mkono wako. Ni bastola ya kupenda, akasema, si ya kuanzia.

Nilizishika zote. Nilijitahidi kufikiri kama mtu mzima. Ile ndogo ilikaa mkononi vizuri kabisa, siwezi kusema uongo. Lakini nilipoirudisha mezani nilikuwa tayari nimeshaisahau. Nikakumbuka wewe ukivua koti jioni, ukilalamika kiuno, na Mama akikuambia si ununue nyepesi, na wewe ukamwambia, "Iko muzito juu nisisahau kama ninaibeba."

Na nikakumbuka kwa nini uliichagua. Ulinisimulia mara moja tu, tunakata sare za kwaya. Ulisema ukiwa mtoto Bukavu maofisa wote walikuwa nayo kiunoni, ya Wabelgiji, na ulipoiona tu nyundo yake nyuma ya mkanda ulikuwa unashuka barabarani na kuingia mtaroni. Ulipoikuta ile ile hapa Durban, imetumika, kwenye kabati ya kioo, ulisema mwizi naye aogope kile ulichoogopa wewe. Nilicheka siku ile. Mwenye duka alipolifungua sanduku mbele yangu, sikucheka.

Nikamwambia nataka ya baba. Akasema sawa, ngoja niikague.

Akaifungua, akaitazama kwa ndani, akaitazama tena na miwani. Akaniuliza kama kuna mtu wa nyumbani amewahi kuifungua. Nikasema baba yangu peke yake. Akasema basi baba yako ameitoa pini, ile inayogonga risasi nyuma ili iwake. Bila pini hii haipigi. Unaweza kuivuta kutwa nzima, itasema ta, ta, basi. Akanionyesha kwa kalamu, kijiti cha chuma, chembamba mbele, urefu wa kidole, kama sindano nene.

Papa. Nilijua iko wapi kabla hajamaliza kusema.

Kopo lako la sindano. Lile la bluu la biskuti. Kati ya sindano za ngozi na za jinzi kulikuwa na moja nene, isiyo na tundu, na mimi nilikuuliza ni ya nini, mara ngapi sijui, na ulinijibu bila kuinua macho, "Ile iko ya kushonea watu wa midomo mingi." Na nilikuwa ninacheka! Miaka yote nilikuwa ninaisogeza kando nikitafuta sindano ya kweli.

Nilirudi na taxi kutoka Pinetown. Nilikuwa ninahesabu Ijumaa zote kichwani nikashindwa. Wale watu nyuma yako. Mama nyuma yako. Mimi mwenyewe nyuma yako, nina mfuko wa duka kifuani. Na mbele yetu kuna mzee mwenye sukari na kipande cha chuma kisichoweza kumuua hata panya. Ungefanya nini siku ile wangekuja, Papa? Ungewaambia nini? Nilikutukana, ndiyo, pale pale kwenye taxi, kwa Kiswahili, na mwanamke wa pembeni yangu akadhani ninaongea na simu.

Lakini kufika nyumbani nilijua siku uliyoitoa ile pini. Nilikuwepo.

Yule bwana wa kitenge. Aliingia mbio, macho mekundu, hajasalimu mtu, mkono wake ndani ya jaketi. Mimi nilikuwa kwenye ovaloki, ile mashini ya kupiga kingo. Sikuona ulivyoitoa bastola, niliona tu imeshatoka, imeshanyooka, kidole chako kiko mahali pake. Na yeye akatoa mkono, na mkononi kuna kitenge. Cha mke wake. Amefariki asubuhi ile hospitalini na alitaka umshonee nguo ya kuzikwa kabla hawajamfunga jenezani. Alisimama pale amekishika kitenge mbele yako, hata bastola sidhani kama aliiona, alikuwa analia tu.

Uliishona nguo ile mwenyewe. Hukuniachia hata pindo. Hukula. Ulipomaliza ulikaa ukitazama mikono yako, ukasema, si kwangu, kwa hewa tu, "Mukono yangu ilitangulia macho." Nilidhani umechoka. Ni baada ya hapo ile sindano ilianza kuwa kwenye kopo.

Kwa hiyo ninaelewa, unaona? Ninakuelewa na bado nina hasira. Uliamua afadhali ufe wewe kuliko umuue mtu mwenye kitenge. Sawa, hayo ni maisha yako, una haki nayo. Lakini sisi tulikuwa nyuma yako, na hukutuuliza.

Kibali changu kilichukua muda mrefu, na muda wote huo kopo liko mbele yangu kwenye meza. Nilikuwa ninalifungua asubuhi na kulifunga. Ningeweza kufanya kama wewe. Kuvaa koti, kutembea polepole, na kuomba Mungu. Watu wangelala vizuri. Kisha Maman Furaha anaingia kuomba uzi, anatabasamu kwa mkono juu ya mdomo kwa sababu meno ya mbele hayapo, na mimi ninafunga kopo tena.

Papa, nimeirudisha pini. Usinikasirikie, au nikasirikie, lakini nimeirudisha. Kibali kilipotoka nilikwenda nayo Pinetown nimeifunga kwenye kitambaa, na mzee akaiingiza mahali pake kwa kidole gumba, kazi ya muda mfupi sana. Akanipeleka kwenye uwanja wao wa shabaha. Nilipiga risasi ya kwanza na nyundo ilipokuja nyuma ikanibana hapa, kwenye nyama kati ya kidole gumba na cha shahada, mpaka damu. Mzee akasema pole, hizi za zamani zinang'ata, ndiyo maana nilikuambia uchukue nyepesi. Mimi nilikuwa ninatazama mkono. Lile kovu lako, mahali pale pale! Ulituambia ni pasi. Miaka yote tunakuambia angalia pasi, Papa, angalia pasi. Nililia pale uwanjani na mzee wa watu akadhani inauma sana.

Ijumaa ya kwanza nilivaa blauzi pana nikaificha chini yake, kwa sababu, nisamehe, koti lako lilikuwa kichekesho. Nani anavaa koti Durban mwezi wa pili, joto lote lile? Sheria ilisema bastola isionekane, na wewe kwa kuwa ni fundi wa makoti ukashona koti. Na kweli bastola haikuonekana hata kidogo, ila kila mtoto wa Isipingo aliona mzee wa koti na jasho akajua kuna nini. Lakini nilipotoka na blauzi walinitazama juu mpaka chini. Mtu wa viatu akauliza, koti liko wapi? Hakuna aliyesogea. Ndiyo nikarudi ndani kulifumua.

Leo ndiyo tumekwenda. Mimi mbele. Walikuwa wanapiga soga nyuma yangu kama zamani, Maman Furaha akicheka kwa sauti, na mimi nikitazama mikono ya kila anayepita. Pale kwenye robot, zile taa za barabarani kabla ya benki, kijana mmoja alitoka kati ya magari anakuja moja kwa moja kwetu, haraka, mkono ndani ya shati. Mkono wangu uliingia kwenye koti. Sikuutuma. Nilisikia chuma, nilisikia nyundo chini ya gumba, pale pale panaponiuma. Na nikajiambia, macho, Riziki, macho. Nikasubiri. Sijui nilisubiri kwa muda gani. Akatoa karatasi, ya dawa, anauliza kliniki iko upande gani.

Maman Furaha ndiye aliyemwelekeza. Mimi niliutoa mkono kwenye koti, mtupu.

Tulifika, waliingia, walitoka, tukarudi. Wamenishukuru wote. Mtu wa viatu amesema ninatembea kama wewe. Hawajui. Siri yako sikuwaambia na sitawaambia. Wameishi miaka yote bila hofu kwa ajili yake, sitawanyang'anya hiyo. Lakini Ijumaa nyingine inakuja.

Sasa ninajua ulichokuwa nacho siku ya kitenge. Zamani niliona kwa macho, leo nimekishika mkononi. Labda wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Labda wiki ijayo atakuja mwingine asiye na karatasi ya dawa, na nitashukuru kwamba sikukufuata. Sijui, Papa. Ningetoa chochote ukae hapa kwenye kiti chako unigombeze.

Lala salama, Papa yangu. Nimekata nyasi kwenye kaburi lako, na Mama anakula vizuri. Ninakuahidi kitu kimoja tu. Siku mkono wangu utakapotangulia macho, hata kidogo, hata kama hakuna aliyeona, nitakuja dukani nitaitoa pini mwenyewe. Kopo liko palepale. Sindano zote nimezisogeza upande mmoja, na nafasi ya ile yako nimeiacha wazi.

Binti yako,
Riziki