Usiulize Inaitwaje, Uliza Inalala Wapi

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Najua ungeniuliza kwanza kama nimekula, kwa hiyo nakujibu kabla hujauliza: nimekula, ndizi na nyama, na Baba kala vizuri kuliko mimi. Nakuandikia nikiwa Makumira, kwenye nyumba ya marehemu Babu Anaeli, mbele ya ile kompyuta yako nyeupe ambayo siku hizi ina rangi ya uji. Inavuma vilevile. Ukiigonga kidogo ubavuni inanyamaza, kama ulivyotufundisha.

Nimekukumbuka, Mama. Nasema waziwazi, maana hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Watu waliniambia nitazoea, nami nikawaamini, lakini sijazoea. Wakati mwingine nampigia Kaka simu bila shida yoyote, nimsikie tu anavyosema "enhe", kwa sababu anaisema kama wewe.

Unaikumbuka meza yako ya Njiro, pale sebuleni karibu na dirisha? Ulistaafu ukatibu muhtasi lakini vidole vyako vilikataa kustaafu. Majirani wakawa wanakuletea barua za kuchapa, simu zilizogoma, na kila kitu chenye waya. Siku moja akaja Mama Joyce wa nyumba ya pili, amefura, anasema barua pepe zake zote zimepotea.

"Zilikuwa kwenye nini?" ukamuuliza.

"Kwenye Outlook."

"Outlook ipi?"

"Mama Anaeli na wewe! Outlook si Outlook?"

Ukavua miwani. Mimi nilikuwa nachambua mchicha, nikajua darasa limeanza.

"Haya. Na Anaeli si Anaeli? Nikikutuma umpelekee Anaeli mbuzi, utampeleka wapi?"

Mama Joyce akacheka kabla hajajibu, kwa sababu habari ya mbuzi mtaa mzima waliijua. Kwetu Wameru kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, na Babu Anaeli wa Makumira alikuwa na wana wawili. Hivyo tukapata Kaka yangu Anaeli wa Njiro, na binamu yetu Anaeli, mtoto wa Baba Mkubwa, anayefuga ng'ombe kule Kisongo. Mtu akatumwa ampelekee Anaeli beberu wa mbegu. Hakuuliza la zaidi, akamshusha getini kwetu. Beberu akalala barazani, na asubuhi tukakuta waridi zako zote ziko tumboni mwake. Ulimfukuza kwa ufagio huku ukiwagombeza kina Anaeli wote watatu, hata baba mkwe wako hukumwacha.

"Kwetu hatuulizi anaitwa nani," ulimwambia Mama Joyce siku ile. "Tunauliza analala wapi. Na hizi ni hivyo hivyo. Kuna Outlook niliyokuwa naitumia kazini, programu kubwa, hiyo mambo yake yalilala ofisini. Kuna hii yangu, Outlook Express. Nayo ni programu, ila barua zake zinalala humu ndani ya hili boksi. Inazivuta kutoka kwa kampuni ya intaneti, na ikishazivuta kule hakibaki kitu. Halafu kuna Outlook ya mtandaoni. Hiyo zamani ilikuwa Hotmail, wakaibadilisha jina kama mtu aliyebatizwa ukubwani. Hiyo hailali kwako hata kidogo. Unaifuata huko huko iliko na neno lako la siri, hata kwa simu ya kuazima. Sasa wewe zako ulikuwa unazisomea wapi?"

"Kwenye simu ya binti yangu."

"Basi hazijapotea. Ni wewe umekwenda Kisongo kumtafuta mtu wa Njiro."

Mlicheka mpaka chai ikapoa. Na kweli barua zake zilipatikana jioni ile ile, kwenye mtandao. Sikujua kwamba mimi ndiye nitakayelihitaji somo lile.

Nilipokuwa nasoma India uliniandikia kila Jumapili baada ya ibada. Simu zilikuwa ghali, na wewe ulipenda kuchapa. Ulianza na mlima Meru kila mara, ukiusema kama jirani: amevaa nini leo, ameamkaje. Kisha mahubiri yalivyokuwa marefu, kahawa ilivyochanua, Baba alivyokataa dawa. Ukamalizia, "Funga mlango vizuri," wakati mimi nilikuwa naishi bweni lenye mlinzi. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nilipomaliza masomo chuo kikaifunga anwani yangu, zikaenda na barua zako. Sikusikitika wakati ule, kwa kuwa mwandishi mwenyewe nilikuwa naye nyumbani, ananituma sokoni.

Ulipotutoka, Kaka ndiye aliyeingia kwenye barua pepe yako. Neno la siri tulilijua wote, jina la ng'ombe wetu wa kwanza. Alikuta matangazo ya viatu tu na salamu za benki. Akaniambia taratibu, "Mdogo wangu, barua za Mama hazipo. Zimefutika." Nilikwenda kulia jikoni ili Baba asione.

Baadaye tukakubaliana Baba ahamie huku Makumira, nyumba ya Njiro ipangishwe. Tulikuwa tunafunga vyombo aliponiuliza, "Mama yako alikuwa anausemaje ule mlima? Kulikuwa na maneno yake." Nikafungua mdomo nimwambie. Mama, hayakuja. Nilijua yalihusu shuka, au kofia, lakini maneno yenyewe, kwa mpangilio wako, hayakuja. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kaburi nililizoea kidogo, lakini kuondokewa na namna yako ya kusema sikuwa nimejiandaa nako. Nikaitazama sehemu ya meza yako, tupu, nyaya zimebaki sakafuni. Nikampigia Kaka.

"Kaka, siku ile uliingia Outlook ipi?"

"Ipi tena? Outlook si Outlook?"

"Na Anaeli si Anaeli?"

"Aisee," akasema. "Niliingia ya mtandaoni, ile aliyoifungua mwishoni."

"Kompyuta ya Mama iko wapi?"

"Nimempa Anaeli."

"Wa Kisongo?"

"Enhe. Anataka ya kutazamia kamera za zizi. Fundi anakuja leo kuipiga Windows mpya."

Unajua maana yake. Fundi akishapiga Windows mpya, kilicholala ndani ya boksi hakiamki. Tukampigia binamu, simu haipatikani. Kaka akaja na gari, Baba akakaa mbele na fimbo yake bila kuuliza tunakwenda wapi. Nilisali njia nzima, kuanzia Njiro mpaka tulipoupita uwanja wa ndege, na barabara ya vumbi ya Kisongo nikaimalizia kwa nyimbo za kwaya.

Kilichotuokoa ni chai. Mke wa binamu hakubali mgeni aguse kazi kabla hajanywa, na fundi alikuwa kwenye kikombe cha pili, andazi mkononi, kompyuta yako imewashwa mbele yake inamsubiri. Binamu alitoka zizini akatukuta tunahema.

"Karibuni! Mmekuja kudai waridi?"

"Tumekuja kumtafuta Mama," nikasema. Nikaanza kulia pale pale mbele ya fundi wa watu.

Alinipisha kiti. Nikaifungua Express, ikachukua muda wake, kisha nikaingia kwenye folda ya zilizotumwa. Zilikuwepo, Mama. Zote, Jumapili kwa Jumapili, jina langu kila mstari. Nikafungua ya kwanza niliyoiona, nikaisoma kwa sauti.

"Mwanangu mpendwa, Meru leo amejifunika mpaka kidevuni, nadhani hataki kwenda kanisani."

Baba alikuwa amefumba macho. Akaitikia kwa kichwa. "Ndiye," alisema.

Kaka alitoka nje kuangalia ng'ombe ambao hawakumhusu. Fundi, Mungu ambariki, alizinakili zote kwenye flashi, moja yangu na moja ya Kaka. Na binamu akaibeba kompyuta mwenyewe mpaka kwenye gari. Alisema zizi lake atalilinda kwa macho mpaka apate nyingine.

Basi sasa iko hapa, dirishani kwa Baba. Kila ninapoiwasha, Express inaanza kutafuta barua mpya kwa ile kampuni ya intaneti iliyofungwa zamani, kama ulivyoipangia. Inasema haikuipata, inatulia, baadaye inajaribu tena. Kaka anataka kuizima tabia hiyo. Nimemkataza.

Jioni Baba ananiambia, "Soma moja." Nasoma moja tu, ili zisiishe haraka. Akishalala nabaki nimekaa, natamani uingie mlangoni uniulize kwa nini sijaanika vyombo. Ningeanika vyote, Mama, na vya majirani.

Barua hii nimeichapa humu humu, kutoka kwenye anwani yako kwenda kwenye anwani yako. Najua haitatoka. Nikibonyeza tuma itabaki kwenye folda ya zinazosubiri, ndani ya boksi hili, karibu na zako. Na wewe uko hapo nje kwenye migomba, msalaba wako nauona kupitia dirisha hili. Sikuwa nimewahi kukuandikia kwa karibu hivi.

Leo Meru amejitokeza mzima, hana hata shuka. Ungemsema kwa kuringa.

Nimeshafunga mlango, Mama. Nimeufunga vizuri.

Mimi kitinda mimba wako.