Pedali za kinga yangu

Yaya Odette, dada yangu mukubwa, jambo yako na jambo ya batoto bote.

Nilifika Lubumbashi muzima, siku ya tano ya njia, na samaki ya kukauka iko tayari ku soko ya Kampemba. Unajua vile ninafanya tangu vita ilisimamisha malori: ninafunga mifuko juu ya kinga, ile baiskeli yangu, ninaisukuma, ninaichukia. Hata pedali nilizitoa nikakuachia, sababu zilikuwa zinanipiga mu muguu. Kupanda nilishasahau, mimi mwenye ulinifundisha kupanda nyuma ya kanisa.

Leo asubuhi nilikutana na muzee mumoja mwenye alikuwa anatumika kazi mu treni. Treni haitembei tena, lakini yeye anavaa kravati mu shingo kila siku na kuenda ku gare ya treni na kinga yake. Akaangalia yangu, akauliza: «Hii iko kinga, ao iko pusupusu ya kubebea mizigo?» Akanipatia yake: «Panda, mwana.»

Yaya, nilitelemuka barabara yote ya gare, upepo mu shati, mvua ya jana ikiruka chini ya pneu za magurudumu, nikacheka peke yangu. Nilimurudishia kinga yake, kisha nikaiomba tena.

Mungu akuchunge weye na batoto. Zile pedali nilikuambia uzitupe. Ninakujua, hukuzitupa. Uzipatie muntu wa kwanza mwenye anakuja huku. Ninataka kurudi nyumbani juu ya kinga, si nyuma yake.

Mudogo wako,
Fidèle