Diski Nyeusi ya Ouma

Jumapili usiku

Diski ilikuwa yake pia. Hilo sikulifikiria hata kidogo.

Wazee walishagawa vitu vya marehemu mume wangu, Ouma: koti kwa huyu, baiskeli kwa yule, na kompyuta ikawa ya ndugu yake Okech wa Oyugis, aje kuichukua leo. Sina ugomvi na desturi. Ouma mwenyewe alivaa viatu vya baba yake mpaka vikaisha.

Leo baada ya kanisa nilikaa nikinakili kila kitu kwenye ile diski ndogo nyeusi. Picha za harusi, na ile video anamwimbia binti yetu Achieng akiwa mchanga, anaimba vibaya. Stima ilipotea mara mbili, nikaanza upya. Mwishowe nikazifuta zote kwenye kompyuta. Sikutaka watu wa Oyugis wazitazame.

Saa kumi Okech akafika na mama mkwe. Wakanywa chai, kompyuta ikaingia kwenye begi la Okech. Ndipo mama, ambaye huniita binti wa Rodi, kwetu nilikozaliwa, akasema kwa upole, "Nyar Rodi, na kile kidude alichokuwa anachomeka ubavuni? Si hicho pia kilikuwa cha Ouma?"

Kusema kuna picha ndani kungekuwa kukiri kwamba nimeifuta kompyuta kabla hawajafika, kama mwizi. Nikaitoa diski kabatini.

Okech akashukuru, akasema ataisafisha aweke filamu zake.

Walikuwa wamefika langoni nilipowafuata mbio. Nilidhani nitasema.

Nilimpa Okech waya wa diski.